Chungu kimoja, miili tofauti: tafuta kipimo chako cha bugali



Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano wa kundi, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mama, ni kweli kwamba bugali ndiyo inaleta ugonjwa wa sukari? Niiache?» Nilimwambia asiache kitu chochote mpaka asome gazeti letu la juma hili. Alicheka, akafikiri ninamtania, lakini sikuwa ninatania. Swali lake halijibiwi kwa ndiyo wala hapana, na nyumbani kwetu tulilipa ili kujifunza hivyo. Nimeomba ruhusa kwa ndugu zangu wawili, yaya wangu na mdogo wangu, wamekubali niwasimulie yaliyotupata. Majina yao nayaacha.

Yaya ana miaka 54, ni mshonaji. Kutoka asubuhi mpaka magaribi anakaa kwenye mashini yake, mguu tu ndio unafanya kazi. Miaka miwili iliyopita walimpima wakamkuta na ugonjwa wa sukari, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Mdogo wetu ana miaka 31, ananyonyesha mtoto wa miezi saba, na kazi yake ni kubeba mizigo. Wale wanaokaa Bukavu wanajua kazi hiyo: mama anapanda mlima wa Kadutu na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Sisi watatu tumekua tukila katika sahani moja. Bugali ya muhogo, sombe, siku njema sambaza kidogo. Na kama wamama wengi, tunasema: bila bugali, sijala.

Siku moja jirani alimwambia Yaya: «Mimi niliacha bugali kabisa, angalia nilivyopungua. Sukari itaisha yenyewe.» Yaya akaamini. Siku tatu alikula sombe na samaki tu, na jioni mboga. Lakini vidonge aliendelea kuvimeza kama kawaida. Siku ya nne, karibu saa tano ya asubuhi, binti yake alinipigia simu akilia. Nilikuta Yaya amekaa chini, jasho linamtiririka kama amenyeshewa, mikono inatetemeka, ananiangalia lakini ananiita jina la marehemu mama yetu. Jirani mmoja alisema ni malaria, mwingine alisema ni mapepo.

Haikuwa malaria wala mapepo. Ilikuwa sukari imeshuka. Vidonge vile kazi yake ni kushusha sukari katika damu, na yeye hakuweka mwilini kitu cha kushushwa. Kwa bahati, alikuwa bado anaweza kumeza. Tulikoroga vijiko vinne vya sukari ndani ya glasi ya maji, akanywa polepole. Baada ya dakika kumi na tano alianza kuuliza kwa nini watu wamejaa nyumbani. Tukampa viazi vitamu viwili, akala, kisha tukampeleka kwenye kituo cha afya.

Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumgombeza. Alimwambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: «Mama, hukukosea kufikiri juu ya bugali. Ulikosea kuchukua kipimo cha mwili wa mwingine.»

Na wakati sisi tunamshughulikia Yaya, mdogo wetu naye alikuwa amepunguza bugali yake kimyakimya. Alisema anajikinga ili asipatwe kama dada yake. Tulikuja kujua baada ya majuma matatu, siku alipoona giza machoni katikati ya mlima, gunia mgongoni. Angeweza kuanguka nalo. Hana ugonjwa wa sukari hata kidogo. Alikuwa na njaa, wamama, hakuna kingine.

Tazameni basi: mmoja aliacha akaanguka, mwingine alipunguza akakaribia kuanguka. Na wote wawili walikuwa wanatafuta afya.

Wanga ni kitu gani?

Katika mafundisho ya lishe tumezoea kugawa vyakula mara tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Vile vya kutia nguvu, sehemu kubwa ni wanga, ambao kwenye vitabu vya Kifaransa wanaita glusidi. Wanga uko ndani ya bugali, mchele, viazi, makemba, mkate, beignets za asubuhi, uji, matunda na sukari yenyewe. Uko hata ndani ya maharage.

Ukila wanga, tumbo linauvunja mpaka unakuwa sukari ndogo inayoingia katika damu. Kongosho inatoa dawa ya mwili inayoitwa insulini, nayo inafungua mlango ili sukari iingie katika misuli na viungo vingine. Ubongo peke yake unatumia karibu gramu 120 za sukari hiyo kila siku. Kwa hiyo wanga si adui. Ni makala ya jiko letu la ndani. Jiko bila makala halichemshi kitu. Lakini ukijaza makala kupita jiko, utaunguza chakula.

Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, insulini ni kidogo au haifanyi kazi vizuri. Sukari inabaki katika damu, na polepole inaharibu macho, figo, miguu na moyo. Na bugali si ndiyo peke yake inayoleta ugonjwa huo. Damu ya familia inahusika, umri unahusika, unene wa tumboni unahusika, kukaa bila kutembea kunahusika. Bugali nyingi kupita kazi ya mwili, siku kwa siku, inasaidia unene huo kuja. Hapo ndipo inapoingia.

Ni kiasi gani?

Wataalamu wa lishe wa Marekani wameweka kiwango cha chini ambacho mtu asishuke chini yake: gramu 130 za wanga kwa siku kwa mtu mzima, gramu 175 kwa mama mwenye mimba, na gramu 210 kwa mama anayenyonyesha. Sikieni vizuri: hicho ni kiwango cha chini, si cha kufikia na kusimama. Watu wengi wenye afya wanapata karibu nusu ya nguvu zao zote kutoka kwenye wanga. Kwa mtu anayetumia kalori 2000 kwa siku, nusu hiyo ni kama gramu 250, kwani gramu moja ya wanga inatoa kalori 4. Anayelima au kubeba mizigo anahitaji zaidi.

Sasa nani kati yetu ana mizani ya gramu jikoni? Hakuna. Lakini kila mama ana mkono. Kuna njia ya kufundisha lishe iliyotoka Zimbabwe, inayotumia mkono wako mwenyewe kama kipimo, na ni nzuri kwa sababu mkono unalingana na mwenyewe: mama mkubwa ana ngumi kubwa, mama mdogo ana ngumi ndogo. Tunaitumia hivi:

Ngumi ni kipimo cha wanga. Kwa mlo mmoja, ngumi mbili ndio mwisho kwa mtu wa kawaida. Kiganja, bila vidole, ni kipimo cha samaki, nyama au mayai. Viganja viwili vilivyounganishwa kama unateka maji ni kipimo cha mboga. Ncha ya kidole gumba ni kipimo cha mafuta.

Na ngumi moja ina nini ndani? Bugali ya muhogo ya ukubwa wa ngumi ya mama ina karibu gramu 60 za wanga. Kiazi kitamu cha ukubwa huo, karibu 40. Mchele uliopikwa, karibu 45. Maharage yaliyopikwa, karibu 40, lakini zaidi ya 10 kati yake ni nyuzinyuzi, ambazo haziingii katika damu kama sukari, na pamoja nayo unapata chakula cha kujenga mwili. Ndizi mbivu moja, karibu 25. Kijiko kidogo cha sukari, 4. Na chupa ndogo ya sukre, ile tunayopeana kwenye harusi na kwenye matanga, ina karibu gramu 35, yote sukari tupu. Ni kama kumeza vijiko tisa.

Tulihesabu kwa mdogo wetu

Tulimwuliza mdogo wetu: jana ulikula nini? Akataja: chai na vijiko vitatu vya sukari, kiazi kitamu kimoja mchana, ngumi moja ya bugali jioni na sombe. Tukahesabu: 12, na 40, na 60. Jumla 112. Mama anayenyonyesha, anayebeba gunia, anakula gramu 112, na kiwango cha chini kwake ni 210!

Mwili wa mama ni mwaminifu kwa mtoto. Ukila kidogo, maziwa unaendelea kuyatengeneza, lakini unayachukua kwenye nyama yako mwenyewe. Ndiyo sababu mtoto alikuwa mnene na mama anakwisha.

Hatukumpa dawa. Tulimwongezea ngumi moja ya bugali mchana, 60, na ngumi moja ya maharage, 40. Hapo akafika 212. Halafu kwa sababu ya kazi yake, asubuhi kabla ya kutoka anakunywa uji wa soya, mahindi na mtama. Ndani ya juma la pili alisema giza machoni limeisha. Mpaka leo bugali yake ni kubwa kuliko ya sisi wote, na hakuna anayemsema.

Tulipima kwa Yaya

Kwa Yaya ilikuwa hesabu nyingine. Zamani alikula ngumi tatu mchana na tatu jioni, bila kujua, kwa sababu mkono unaingia kwenye sahani ya wote na hakuna anayehesabu. Hiyo ni gramu 360 kwa bugali tu, kwa mtu anayekaa kwenye mashini.

Kundi letu la akiba lilinunua mashini ndogo ya kupima sukari kutoka kasa ya kusaidiana. Mashini si ghali sana, lakini bandeleti zake ndizo zinakula faranga, kwa hiyo hatukupima ovyo. Tulichagua siku tatu. Kila siku tulipima kabla ya chakula cha mchana, kisha saa mbili baada ya kuanza kula.

Siku ya kwanza alikula kama zamani: ngumi tatu za bugali ya muhogo na sombe. Alianza na 118, akafika 231. Siku ya pili: ngumi mbili za bugali ya mahindi, maharage na lenga-lenga. Kutoka 121 mpaka 178. Siku ya tatu: alianza kwa kula maharage na lenga-lenga kwa kijiko, kisha sambaza, na mwishoni ngumi moja ya bugali. Kutoka 115 mpaka 152.

Kwa watu wengi wenye ugonjwa wa sukari, waganga wanataka kipimo cha baada ya chakula kisipite 180. Yaya aliona kwa macho yake. Hakuna aliyemkataza bugali. Mashini ilimwonyesha kwamba ngumi moja inamtosha, na mbili ni mwisho. Kwa siku nzima sasa anakula kiazi kitamu asubuhi, ngumi ya bugali na nusu ngumi ya maharage mchana, ngumi ya maharage na nusu ngumi ya bugali jioni. Hesabuni: 40, 60, 20, 40, 30. Ni gramu 190. Hayuko chini ya kiwango, na hapandi tena kule kwa 231. Muuguzi aliona vipimo vyake, akapanga upya vidonge. Hilo la vidonge si letu kupanga jikoni.

Siku hizo tatu zilitufundisha mambo mengine mawili. La kwanza, mpangilio wa kula: ukitanguliza mboga na maharage au samaki, na bugali ikaja mwisho, sukari inapanda polepole. La pili, kutembea: Yaya akimaliza kula anashuka mpaka mwisho wa avenue na kurudi, dakika kumi na tano. Misuli inayotembea inavuta sukari kutoka katika damu.

Kama huna mashini

Mama asiye na ugonjwa wa sukari hahitaji kujichoma kidole. Mwili wake unasema, akiupa majuma mawili ya kuusikiliza.

Chukua kamba yenye urefu wako kutoka kisigino mpaka kichwani. Ikunje katikati. Zungusha nusu hiyo kwenye kiuno chako, usawa wa kitovu. Ikizunguka na kufika, vizuri. Isipofika, tumbo limebeba mafuta mengi, na labda wanga wako wa siku unapita kazi yako. Kipimo hiki si cha mama mwenye mimba.

Angalia tena saa mbili baada ya kula. Ukilemewa na usingizi kila siku mpaka kichwa kinaanguka, labda mlo wako ulikuwa bugali tupu na nyingi. Njaa ikikurudia upesi sana, labda uliila bila maharage, samaki wala mboga. Ukitetemeka, kichwa kinauma, nguvu zinaisha kabla ya mchana, labda unakula kidogo kuliko kazi yako. Badilisha nusu ngumi tu kwa wakati mmoja, kaa nayo juma moja, ndipo uamue. Anayebadilisha kila kitu siku moja hatajua ni kitu gani kilimsaidia.

Na tafadhali, kata bugali yako pembeni kabla ya kuanza. Kwenye sahani ya pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kata yako, iangalie, ilinganishe na ngumi. Wala si choyo. Tena kuna wamama ambao kwa kukata yao pembeni watagundua kwamba hawali kabisa: wanagawia baba, wanagawia watoto, wao wanakwangua chungu. Mama anayekwangua chungu kila siku naye anatafuta kipimo chake, na kipimo chake kiko juu.

Maneno ya kweli juu ya mfuko

Najua atakayesema: «Mama, unatutajia maharage na sambaza, umeona bei sokoni?» Nimeona. Bugali ya muhogo inajaza tumbo kwa faranga kidogo, ndiyo sababu inatawala meza zetu. Lakini unga wa muhogo ni karibu wanga mtupu. Katika gramu 100 za unga huo, kinachojenga mwili ni gramu moja au mbili tu. Unga wa mahindi una karibu 8. Maharage makavu yanapita 20.

Kwa hiyo nasema wazi: kama mezani kuna bugali na sombe peke yake, usipunguze bugali kabla ya kupata kitu cha kuweka mahali pake. Kupunguza bila kubadilisha ni njaa tu iliyopewa jina zuri. Anza kwa kuchanganya: sehemu moja ya unga wa mahindi ndani ya unga wa muhogo. Ongeza kiganja cha maharage, au karanga zilizosagwa ndani ya sombe, au ndagala kidogo ndani ya lenga-lenga. Unga wa soya kijiko kwa kijiko. Hapo bugali itapungua yenyewe kwa sababu tumbo limeshiba mapema.

Na muhogo mchungu uheshimiwe. Uloweke siku tatu mpaka ulainike, uumenye, uukaushe vizuri juani. Haraka ya kuuza inafanya wengine wakate siku za kuloweka, na sumu inabaki ndani. Kule Kwango nchi yetu imejua ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ya wamama na watoto wasitembee tena, na unawapata zaidi wale wanaokula muhogo ulioandaliwa vibaya bila samaki wala maharage.

Nani asijaribu peke yake

Mama mwenye mimba asipunguze chakula kwa kusikia maneno ya njiani. Aombe kupimwa sukari kwenye CPN, hasa kama aliwahi kuzaa mtoto mkubwa sana au ana mzazi mwenye ugonjwa huo. Mtoto mdogo asipunguziwe wanga hata siku moja. Yeye anahitaji kula mara nyingi, uji mzito wenye soya au karanga na mafuta kidogo ya mawese.

Anayemeza vidonge vya sukari au kujichoma insulini asiruke chakula, asifunge kula, asiache bugali ghafula bila kuongea na muuguzi wake. Tumejua gharama yake. Kipimo kikiwa chini ya 70, au mtu akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, mpeni maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, ngojeni dakika kumi na tano, rudieni kama hajawa sawa, kisha ale. Kama amezimia, msimwekee kitu mdomoni, kitamwingia katika mapafu. Mlazeni ubavu, kimbieni naye kwenye kituo cha afya.

Na wewe unayekojoa mara nyingi usiku, una kiu isiyoisha, unakonda huku unakula, au una kidonda kisichopona: nenda ukapimwe asubuhi kabla ya kula. Kipimo hicho kikiwa 126 au zaidi, watakupima tena ili kuhakikisha. Usiogope karatasi ya labo kuliko ugonjwa wenyewe.

Kazi ya kundi juma hili

Kila mama aje siku ya posho na kamba yake ya kiuno. Tutapima faraghani, wawili wawili, hakuna atakayesoma cha mwenzake. Na kila mmoja aandike au akumbuke alichokula siku mbili: ngumi ngapi za bugali, mchele, viazi, vijiko vingapi vya sukari. Tutahesabu pamoja, na wale wasioandika watasaidiwa na mabinti wetu wa shule.

Kwa mama aliyenivuta pembeni: hapana, usiiache. Njoo na kamba yako, na ngumi yako, na habari ya kazi unayofanya. Jumapili iliyopita Yaya na mdogo wetu walikula tena kwenye meza moja, sombe moja, samaki mmoja. Bugali ya mmoja ilikuwa ndogo, ya mwingine ilikuwa kama kilima cha Kadutu. Yaya aliitazama akasema: «Mdogo wangu, kula, wewe unapanda mlima.» Wakacheka, wakala.

Juma lijalo tutaongea juu ya uji wa watoto: namna ya kuutengeneza mzito, wenye soya, bila kuujaza sukari. Mbaki na amani, wamama.